Matofali ya Baba na Maji ya Walio Chini



Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Adumi, nikaulizwa swali la fiqhi, nikalijibu vibaya. Hakuna aliyenikosoa. Wazee walilipokea jibu langu kwa heshima, kisha kila mmoja akaenda zake kuendelea na alichokuwa akikifanya. Ndiyo maana nimeomba ukurasa katika jarida letu, nijaribu kujibu tena.

Ilikuwa hivi. Afisa wa mazingira alikuja kijijini, akakaa chini ya mwembe wa mwenyekiti wa LC1, akaeleza kwamba mtu yeyote anayelima, anayechimba udongo au anayechoma matofali ndani ya mita 30 kutoka ukingo wa kijito anatakiwa aondoke. Alizungumza kwa upole, ila alitaja pia faini na mahakama. Baba alikuwa amekaa mbele. Baba anafyatua matofali kule bondeni tangu kabla sijazaliwa.

Jioni wazee wanne walikuja barazani kwetu. Na kwa kuwa mimi ndiye "sheikh" wa nyumba ile (nimesoma mihula minne tu, lakini kijijini kanzu inatosha), baba akanigeukia: "Haya, mwanangu. Hili ni jambo la dini, au ni la Kampala tu?"

Nikajibu haraka, kama mtu aliyeingia mtihani na swali alilolikariri. Nikawatajia amri iliyomo katika Surat An-Nisaa ya kumtii Allah, kumtii Mtume na wenye mamlaka miongoni mwetu. Serikali imesema, basi tutii. Nikanyamaza. Baba hakukasirika. Aliniangalia kidogo, kisha akauliza, "Na ada yako mimi huitoa wapi?"

Wazee wakacheka. Mimi sikuweza.

Kwa siku kadhaa nilidhani kosa langu ni kukosa adabu, kumwambia mzazi aache kazi inayonilisha na kunisomesha. Sasa naona kosa lilikuwa kubwa zaidi. Niliufanya mto kuwa suala la polisi. Kama sababu ya kutochimba ukingoni ni kwamba afisa amekataza, basi pikipiki ya afisa ikishapinda kona ile ya kanisa, sababu imekwenda nayo. Na ndivyo ilivyokuwa. Jumamosi majembe yalikuwa kazini.

Nianze na mahali tulipo. Adumi iko upande wa mpaka wa Kongo, na mpaka ule si mto wala ukuta. Wakoloni waliuchora kwa kufuata mgongo wa ardhi unaogawa maji. Mvua ikinyesha upande wa pili wa mgongo, maji huteremka kuelekea Mto Kongo na mwishowe Bahari ya Atlantiki. Ikinyesha upande wetu, huingia vijito vyetu, kisha Nile, kisha Juba, Khartoum, Cairo, mpaka Mediterania. Watoto wa Adumi hatukulelewa kujiona watu wakubwa duniani, lakini katika jambo hili tuko juu ya wengine wote. Hakuna aliye juu yetu wa kutuchafulia. Tukikuta kijito kimekuwa na rangi ya chai ya maziwa, hatuna wa kumlaumu isipokuwa tuliopo.

Ukiteremka mpaka mjini, habari ni ya Mto Enyau. Maji ya bomba la mji wa Arua huchotwa humo na Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka. (Shirika hilo liliundwa mwaka 1972 kwa amri ya serikali ya Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, jirani zetu, huwa nawakumbusha hilo rafiki zangu wa Kampala wanapodhani West Nile haikuwahi kutoa chochote ila askari.) Kwa hiyo sisi tunaotawadha hapa mjini kwa maji ya bomba tunatawadha kwa Enyau. Na Enyau imechoka. Kingo zake zimelimwa, mchanga wake umechotwa kujengea, magari na pikipiki huoshwa humo, na uchafu wa mji, pamoja na zile kavera zisizooza, husombwa na mvua na kuingia ndani. Udongo ukizidi mtoni, mtambo wa kusafisha maji unahitaji shabu nyingi zaidi, vichujio vinaziba upesi, na kiangazi kikija mto wenyewe huwa mwembamba. Gharama hiyo mwishowe iko kwenye bili ya mama anayeuza chapati pale getini.

Serikali haijakaa bure, tuseme ukweli. Sheria ya Maji ipo tangu 1990 na kitu. NEMA iliundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Kanuni za mwaka 2000 za vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa ndizo zilizoweka mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa na mita 30 kwa iliyobaki, kikiwemo kijito chetu ambacho hata jina lake halimo katika ramani nyingi. Wizara ya Maji na Mazingira imeigawa nchi katika kanda nne kwa kufuata mabonde ya mito badala ya mipaka ya wilaya, na sisi tuko Kanda ya Nile ya Juu yenye makao yake Lira. Sheria mpya ya mazingira ya mwaka 2019 imekwenda mbali zaidi, ikasema viumbe na mazingira yenyewe vina haki ya kuwepo na kuendelea kuwepo. Mwenzangu anayesoma sheria alinieleza hilo kama jambo geni kabisa lililobuniwa juzi. Nikamwambia afungue kitabu chochote cha fiqhi kwenye mlango wa maji, aone haki ya kunywa waliyopewa wanyama, na jinsi mtu asivyoruhusiwa kumzuia mnyama mwenye kiu maji yaliyozidi haja yake.

Lakini kifungu kilichonigusa kuliko vyote kimo katika Katiba ya 1995, Ibara ya 237. Inasema, kwa maana yake, kwamba mito, maziwa, vinamasi na misitu ya hifadhi inashikwa na Serikali kwa dhamana, kwa niaba ya raia na kwa manufaa yao. Serikali haimiliki mto. Imeshikishwa.

Neno letu kwa kitu cha namna hiyo ni amana. Na sisi wanafunzi wa dini hatuhitaji kufundishwa uzito wake. Tumekariri tangu madrasa kwamba amana hurudishwa kwa wenyewe. Mwenye kushika amana hana ruhusa ya kuila, kuikodisha kwa rafiki, wala kuiacha nje inyeshewe. Akizembea ikaharibika, analipa.

Hapo ndipo wengi wetu tunapokimbilia: basi, kama imeshikwa na Serikali, ni kazi yao. Mimi yanihusu nini?

Qadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 182 Hijria, alimwandikia Khalifa Harun al-Rashid kitabu kuhusu kodi, Kitab al-Kharaj, na ndani yake akazungumzia mito. Mito mikubwa kama Dijla na Furati, alisema, kuitengeneza na kuishikilia kingo zake ni juu ya Baytul Mal, kwa sababu ni ya Waislamu wote. Ama mifereji midogo ambayo watu wameielekeza kwenye mashamba yao, kuitunza ni juu yao wenyewe. Nimeusoma mgawanyo huo mara nyingi tangu nirudi chuoni. Enyau, ambayo inanywewa na mji mzima, nani atabisha kwamba ni mzigo wa hazina ya Serikali? Lakini kijito chetu cha Adumi, kinachojulikana kwa majina na watu wa vijiji vitatu, afisa anayekuja kwa pikipiki mara moja kwa mwaka hawezi kukilinda kuliko sisi tunaokiona kila asubuhi.

Na zile mita 30, ambazo wazee barazani walisema ni uzushi wa wazungu, zina jina la Kiarabu. Zinaitwa harimu. Wanafiqhi wamesema kisima kina harimu yake, na mto una harimu yake: eneo la pembeni ambalo mtu hawezi kulihuisha na kulifanya lake hata kama ni pori tupu, kwa sababu bila eneo hilo maji yenyewe hayasalimiki. Katika Sunan Ibn Majah imepokewa hadithi inayotaja dhiraa 40 kuzunguka kisima, karibu mita 20. Wanazuoni wameizungumzia sanadi yake na wametofautiana katika vipimo, kila mmoja akitazama ardhi na desturi ya watu wake. Kiini chake hawakutofautiana: ukingo si mali ya aliyewahi kufika na jembe. Laiti ningewaambia wazee hivyo jioni ile, badala ya kuwatisha na wenye mamlaka.

Niseme kidogo kuhusu twahara, kwa sababu najua kuna msomaji anayeuliza. Tulifundishwa kwamba maji mengi hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu kwa najsi. Sawa. Na tope peke yake haliyatoi maji katika utwahara. Mtu anaweza kutawadha kwa maji ya kijito chetu na swala yake ikasihi. Lakini hukumu ile inajibu swali la udhu. Haikuwekwa kujibu kama mtoto wa miaka miwili ayanywe. Vijidudu vya kinyesi havina rangi wala harufu, na kipimo cha afya kinataka maji ya kunywa yasiwe na hata kimoja cha E. koli katika mililita 100. Maji yanaweza kuwa twahari na bado ikawa haramu kumnywesha mtu, kwa kuwa yanamdhuru. Wengine wetu tumezichanganya hukumu hizi mbili, na kwa mchanganyiko huo tukajipa ruhusa ya kutojali.

Sasa nirudi kwenye tofali.

Asiyewahi kufyatua anadhani ni kazi ya udongo. Ni kazi ya maji. Unachimba karibu na kijito kwa sababu udongo wa pale unashikana na kwa sababu huwezi kubeba jerikeni mia mbili kwenda mlimani. Unakanyaga, unajaza kalibu, unapanga juani, kisha unajenga tanuri na kuni zake hutoka papo hapo ukingoni. Mvua ya kwanza ikija, ukingo hauna miti wala majani, na udongo uliolegezwa unateremka wote. Shimo linabaki na maji yaliyotuama na mbu wake. Mwaka unaofuata unasogea hatua kumi, unachimba jingine. Baba ana mashimo mengi. Nikiyatembelea naweza kuyasoma kama kalenda: hili ni mwaka niliofanya mtihani wa S4, lile ni muhula wa kwanza wa chuo.

Umbali wa kama nusu saa kwa miguu chini ya mashimo hayo wako akina mama wanaochota. Nimewaona. Wanaacha jerikeni litulie usiku kucha ili tope lishuke chini, kisha wanayamimina ya juu. Baadhi ni Waislamu, wengi ni Wakristo. Haki ya jirani haiulizi hilo.

Tunayo hadithi ya Zubayr bin al-Awwam, radhi za Allah ziwe juu yake, katika Sahih al-Bukhari. Yeye na mtu mmoja wa Ansari waligombea mfereji wa maji wa Harra, pale Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Mtume (S.A.W.) alimwambia amwagilie, kisha ayaachie maji yamfikie jirani yake. Yule Ansari akakasirika, akadai ni upendeleo kwa kuwa Zubayr ni mtoto wa shangazi yake Mtume. Hapo uso wa Mtume ukabadilika, akampa Zubayr haki yake kamili ya aliye juu: azuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba, ndipo ayaachilie. Walimu wetu huitumia hadithi hii kuonyesha kwamba aliye juu anatangulia. Ni kweli. Lakini hata haki ile kamili ilikuwa na kikomo, na baada ya kikomo maji ni ya aliye chini. Sidhani kama yupo atakayesema Zubayr alitimiza wajibu wake lau angeyaachilia yakiwa tope tupu. Kumfikishia jirani maji asiyoweza kuyatumia ni sawa na kumzuilia.

Kwa hiyo ada yangu ni nini? Ni haramu? Nimeogopa swali hili, na nimelizunguka kwa aya nyingi kama mnavyoona.

Baba hakujua. Alipoanza, wachimbaji walikuwa wawili, miti ilikuwa mingi, na kijito kilibeba udongo wao bila mtu kuona. Dhara ilikuja ilipokuwa watu thelathini, kila mmoja akisema shimo lake ni dogo. Kanuni ya fiqhi inamwondolea dhambi aliyekosea bila kujua. Ila kanuni hiyohiyo haimwondolei dhamana: ukivunja chungu cha mtu kwa bahati mbaya, huna dhambi, na chungu utalipa. Naona ndivyo ilivyo. Jasho la baba lilikuwa halali. Sehemu ya gharama ya tofali lake, hata hivyo, ililipwa na watu ambao hawakuulizwa, na mimi ndiye niliyekalia dawati walilolilipia.

Hii ni haki ya waja. Mnajua maana yake. Toba ya haki ya Allah ni kati yako na Yeye. Haki ya mja haitoki mpaka umrudishie mja au akusamehe.

Kabla sijaendelea, haki inanilazimu niwageukie pia wenye mamlaka, maana ni rahisi mno kumhutubia mchoma matofali. Mwaka 2024 NEMA ilipobomoa nyumba katika kinamasi cha Lubigi, Kampala, watu wengi waliuliza kwa nini tingatinga hufika kwa mwenye nyumba ya vyumba viwili mapema kuliko kwa mwenye kiwanda. Sijui kila kilichofanyika Lubigi na sitatoa hukumu. Swali lenyewe ni la haki, na mshika amana anawajibika kulijibu. Chini ya ule mwembe pia hakuna aliyewaambia wachimbaji waende wapi. Udongo mwingine uko wapi? Mashine za matofali ya kushindilia, yasiyochomwa, zipo. Nani atazileta Adumi na kwa mkopo gani? Mradi mkubwa wa maji wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2018 umeihusisha Arua pia, na tunashukuru, lakini mtu anayeishi bondeni hupima mradi kwa kile kilichobaki chunguni.

Mnaikumbuka hadithi ya jahazi, aliyoipokea Nu'man bin Bashir. Watu wamegawana jahazi, wengine juu wengine chini, na wa chini wakitaka maji wanalazimika kupita kwa wa juu. Wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe wasiwasumbue wenzao. Sisi huihubiri hadithi hii kila Ijumaa kwa ajili ya kukataza mabaya, na hutilia mkazo tundu. Mimi siku hizi husimama kwenye kiu yao. Wale watu hawakuwa waovu. Walikuwa na haja ya kweli, na njia ya kuitimiza ilikuwa ya taabu na ya kuomba ruhusa kila siku. Kuwashika mikono ni wajibu, hadithi imesema wazi. Ila sioni jinsi mtu wa juu anavyoweza kushika mkono wa mwenye kiu na asimpe maji.

Nilimpigia baba simu wiki mbili zilizopita nikamsomea haya yote kwa lugha ya nyumbani. Nilimwomba radhi kwanza kwa jibu langu la barazani. Akasikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake kwenye simu. Akaniambia shimo moja alishaliacha. La pili lina tanuri lililokwisha pangwa, atalichoma hilo kisha asogee juu, nyuma ya mita zile, ingawa itambidi alipe vijana wa kubeba maji. Sikumwambia ni halali wala si halali. Nilisema inshallah.

Kisha akauliza lile lililonishinda. "Na hawa wa chini, nikawaombe msamaha mmoja mmoja? Mpaka Misri?"

Wanafiqhi wamelijadili swali lililo jirani na hilo. Mtu aliye na mali ya wengine mikononi, na hawajui wenyewe wala hana njia ya kuwapata, wengi wamesema aitoe sadaka kwa niaba yao, thawabu ziwaendee wao. Deni halifutiki kwa kuwa wenye kudai hawana majina. Kwa qiyas, nilimwambia baba, kilichochukuliwa ukingoni kirudishwe ukingoni: mashimo yafukiwe, ipandwe mianzi na miti ya asili inayoshika udongo, na asipande mikaratusi hata kama inaleta pesa haraka, maana inakunywa sana. Na wale akina mama wa nusu saa, wanaojulikana kwa majina, hao aende. Walimu wangu wanaosoma jarida hili wanisahihishe kama qiyas yangu imepotoka.

Baba alinyamaza, akauliza miche mingapi kwa shimo. Nikasema sijui, vitabu havijataja. Akacheka.

Likizo inaanza mwezi ujao. Liko shimo moja la zamani, lile la mwaka wangu wa S4, ambalo mvua zimeligeuza bwawa na watoto huogelea humo. Tumekubaliana kuanza na hilo.